Tumeahirisha bethidei ya mama kwa sababu ya msiba, mgahawa unataka tuwaongeze hela

Shangazi shikamoo,

Naomba uniwekee hii barua maana kwa kweli usingizi sipati. Mi nakaa Tabata, kwetu tuko watano mimi ni wa pili, na mwezi uliopita mama yetu alikuwa anatimiza miaka 60, tukakubaliana kwenye grupu la familia kwamba safari hii hakuna kupika nyumbani, mama kapika maisha yake yote, tumtoe akakae sehemu nzuri yenye upepo wa bahari na yeye ahudumiwe. Tukajihesabu na wajukuu wakubwa na shemeji tukawa watu 14, kila mtu akatoa 25,000 ya kuanzia na zingine tungemalizia siku yenyewe, na mimi ndo nikapewa kushika hela.

Nikapata mgahawa mmoja Masaki wana meza za nje zinaangalia bahari, nikawacheki WhatsApp, dada anayejibu akaniuliza mko wangapi na siku gani nikamwambia Jumamosi saa moja usiku. Akanijibu hivi, meseji ninayo mpaka leo: "Karibu sana mpendwa, tuma advansi 350,000 meza yenu iwe konfemu." Akatuma namba ya kulipia, nikatuma, akasema tumepokea asante. Basi. Hakuna aliponiambia kuhusu kukanseli wala kiwango cha kula wala nini.

Jumatano ya wiki hiyohiyo usiku tukapigiwa simu kutoka Morogoro, mjomba amefariki, kaka yake mama wanayefuatana kabisa. Shangazi we mwenyewe unajua hapo hakuna tena bethidei. Alhamisi asubuhi kabla hata hatujapanda basi nikawaandikia mgahawa na nikapiga na simu, nikaeleza kila kitu, nikaomba warudishe hela au kama haiwezekani basi waihamishie tarehe nyingine baada ya arobaini.

Hapo ndo yule dada akanitumia picha yenye masharti ambayo sijawahi kuiona. Imeandikwa advansi hairudishwi, na kundi la watu kumi na kuendelea likikanseli chini ya siku saba linalipa nusu ya matumizi ya chini ya meza. Nikauliza matumizi ya chini ndo nini, akasema meza yenu ilikuwa 1,400,000, yaani laki moja kila kichwa, kwahiyo nusu yake 700,000, tukitoa advansi bado mnadaiwa 350,000! Na kuhamisha tarehe wanahesabu sawa na kukanseli, nikitaka tarehe mpya nitume advansi upya.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba Jumamosi sisi tuko matangani, binamu yangu anayefanya kazi huko huko Masaki alipita pale usiku akaniambia meza za nje zote zimejaa na kuna watu wamesimama wanasubiri nafasi. Kwahiyo meza yetu wameiuza tena na bado wananidai.

Sa hivi wananipigia, wameniambia nisipolipa wataniweka kwenye ukurasa wao wa Instagram na picha yangu na namba yangu kama mdaiwa sugu. Na nyumbani nako hakukaliki, wifi yangu kaandika kwenye grupu kwamba hela ya mchango ikiingia kwa mtu huwa hairudi, dada yetu mkubwa anasema nilipe mwenyewe yaishe maana mimi ndo niliyechagua pale. Mama hajui chochote na sitaki ajue akiwa bado na msiba wa kaka yake.

Shangazi, hiyo 350,000 ya pili nilipe? Na ile ya kwanza ndo imeenda? Na hawa ndugu niwaambieje?

Mtunza hela, Tabata

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na poleni sana na msiba, Mungu ampumzishe mjomba na ampe mama yenu nguvu.

Nianze na linalokukosesha usingizi. Hiyo 350,000 ya pili usilipe. Usilipe nusu, usilipe kidogokidogo ili wanyamaze, na usiandike popote neno kama "nitawalipa nikipata" maana hilo neno ndo litakuja kuonyeshwa kwamba ulikubali deni. Huna deni hilo. Sharti ambalo mtu anakutumia baada ya kuchukua hela yako, tena baada ya wewe kumwambia huji, si sehemu ya makubaliano yenu. Makubaliano yenu ni zile meseji mbili tatu: tuma advansi, nimetuma, tumepokea. Hakuna laki moja kwa kichwa mle ndani, hakuna siku saba mle ndani. Mkataba wa mdomo au wa WhatsApp ni mkataba kabisa kwa sheria yetu, lakini unakuwa na yale mliyokubaliana tu, upande mmoja hauwezi kurudi nyuma ukaongeza ukurasa.

Na hata kama masharti yale ungeyaona mapema, bado wasingeweza kudai chochote wanachojisikia. Tunayo Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Kifungu cha 74 kinasema kwa maneno ya kawaida hivi: mkitaja kwenye mkataba kiasi ambacho mvunjaji atalipa, yule aliyevunjiwa anastahili fidia ya haki isiyozidi kile kiasi. Shika hapo kwenye ya haki isiyozidi. Kile kiasi kilichoandikwa ni dari, si bei, na chini ya hiyo dari ndo panaulizwa nini kinastahili. Kifungu cha 73 nacho, kinachohusu hasara ya mkataba uliovunjwa, kinataka katika kuhesabu hasara iangaliwe na njia alizokuwa nazo huyo mtu za kuipunguza. Sasa mgahawa uliopewa taarifa Alhamisi asubuhi kwa meza ya Jumamosi usiku, Jumamosi ya Masaki ambayo watu wanasimama kusubiri, na meza ikakaliwa, hiyo hasara ya 700,000 iko wapi? Waionyeshe.

Ila nisiwe mtu wa upande mmoja. Hawa wenye migahawa wanaumizwa kweli na watu wetu, nimeongea nao wengi. Mtu anabuku sehemu tatu kwa usiku mmoja ili marafiki wachague wakiwa njiani, halafu zile mbili hata simu hapigi. Mwenye mgahawa ameshaita deiwaka wawili wa kusaidia kuhudumia, kamba na samaki vimeshanunuliwa asubuhi Feri, meza kubwa imewekewa kibao mpaka saa tatu usiku na wateja waliokuja na miguu yao wamerudishwa. Anabaki na samaki wa kupeleka friza na vijana wa kulipa. Na kuna oda nyingine hazina kurudi nyuma, ukiagiza ndafu na mbuzi ameshachinjwa, huyo mbuzi ni wako, uje usije. Kwahiyo advansi yenyewe siipingi, naiona ni kitu cha haki. Ninachopinga ni kuigeuza hasara ya kweli ikawa mradi, yaani meza ile ile inalipiwa mara mbili kwa usiku mmoja, mara moja na aliyekula na mara moja na aliyefiwa.

Nchi za wenzetu wanafanya, na pengine ndo wetu walikoiga. London au Chicago ukibuku meza migahawa mingi inachukua namba ya kadi yako, na kuna programu kama Tock iliyoanzia Chicago 2014 ambayo ilifanya meza iuzwe kama tiketi, unalipa kabla. Lakini kule kabla hujabonyeza kukubali unaona palepale: ukikanseli muda fulani unakatwa kiasi fulani kwa kila mtu. Wetu wengi wameyachukua makato wakaiacha ile hatua ya kumwonyesha mteja kabla. Halafu kuna tofauti nyingine kubwa. Kule mara nyingi hela inabaki kwako mpaka usipotokea, hapa kwetu hela inatangulia kwenye simu, kwahiyo mgahawa hauna haja ya kukushawishi chochote, wewe ndo unabaki kuikimbiza. Ndo maana sisi tunahitaji masharti yaandikwe mapema kuliko hata wao.

Sasa tuje kwenye ile 350,000 ya kwanza, na hapa nikwambie ukweli kwamba ubishi ni mkubwa kidogo. Mtu akitoa advansi halafu yeye ndo akaahirisha, aliyepokea anaweza kusema nakata gharama zangu, na akiwa na gharama za kweli ana haki. Kwahiyo dai lako lisiwe "nirudishieni yote sasa hivi" kwa hasira, liwe "nionyesheni mlichopoteza, mkate hicho, kinachobaki kirudi au kihamie tarehe nyingine." Kama walishanunua maua na puto za mezani kwa jina la mama, wakate. Kama keki walishaipa oda, wakate. Kwa ulivyonieleza hakuna hata kimoja kati ya hivyo, kulikuwa na meza na viti tu, na menyu mngechagua mkifika.

Kabla hujaenda kokote fungua ile meseji ya malipo kwenye simu yako uangalie jina. Hili nataka ulifanye leo leo. Ukilipa kwa simu, jina la aliyepokea linakuja, iwe kwenye lipa namba au namba ya kawaida. Je ni jina la mgahawa au ni jina la mtu? Maana imeshatokea kwa zaidi ya msomaji mmoja wa safu hii, "kastama kea" wa WhatsApp anapokea advansi kwenye laini yake mwenyewe, mwenye mgahawa hajui kama kuna meza iliwahi kubukiwa, na ile picha ya masharti imetengenezwa kwenye simu ya huyo mtu ili mteja akate tamaa. Sisemi ndivyo ilivyo kwako. Nasema ukikuta jina la mtu binafsi, usiendelee kubishana na huyo dada hata dakika moja, nenda moja kwa moja kwa meneja au mwenye mali na hiyo meseji mkononi. Na usije ukadanganyika na ushauri wa mtaani wa kupiga kampuni ya simu useme ulikosea namba ili wairudishe. Hukukosea, ulilipa kwa hiari yako na meseji za kuthibitisha wanazo, ukisema uongo hapo unawapa wao haki ambayo hawakuwa nayo.

Halafu jingine, walikupa risiti ya EFD, ile inayotoka kwenye mashine ya kodi? Biashara inayopokea hela yako inatakiwa ikupe risiti na wewe mnunuzi unatakiwa uidai, hilo TRA, mamlaka ya mapato, wanalihubiri kila siku. Iombe kwa maandishi. Ila nisikilize vizuri hapa, iombe kama haki yako, usiitumie kama fimbo. Usimwandikie mtu "nirudishie hela la sivyo naenda TRA." Hiyo inanuka kutishana na inaharibu kesi yako nzuri. Omba risiti, wakikunyima una haki ya kutoa taarifa, na mambo ya meza yabaki mambo ya meza.

Ukishaangalia hayo, waandikie. Nimekuandikia ya mfano, badilisha unavyotaka:

"Habari. Tarehe fulani nililipa 350,000 kushikilia meza ya watu 14. Wakati nalipa sikupewa sharti lolote la kukanseli wala kiwango cha matumizi. Nilitoa taarifa Alhamisi asubuhi kwa sababu ya msiba. Sikubali madai ya 350,000 ya ziada. Naomba mnionyeshe gharama halisi mliyoingia kwa ajili ya meza yetu, muikate kwenye advansi, kiasi kinachobaki mnirudishie au mkihamishe kwenye tarehe tutakayokubaliana. Naomba pia risiti ya malipo yangu. Nasubiri jibu lenu la maandishi mpaka Ijumaa."

Fupi hivyo. Usiweke matusi, usiweke habari ya binamu aliyepita pale, hiyo iweke akiba ya kuulizia uso kwa uso: "Jumamosi ile meza yetu ilikaa tupu?" Waache wajibu wenyewe.

Na ukienda uso kwa uso, usiende Ijumaa usiku wala Jumamosi, hakuna meneja atakayekusikiliza huku weita wanapishana na sahani. Nenda katikati ya wiki kama saa tisa alasiri, wa mchana wameshakula na wa jioni hawajaja. Nenda na mtu mzima, kaka yako au baba mdogo, mtu mtulivu. Omba kuonana na meneja, msalimie vizuri, toa simu umwonyeshe meseji kwa mpangilio wake. Wengi wao wakiona mteja ana ushahidi na anaongea kwa adabu wanatafuta njia, na njia rahisi kwao ni kuhamisha tarehe maana hawatoi hela na bado mtakuja kula. Kwa maoni yangu hilo likipatikana likubali. Mama bado ana miaka 60, hiyo haijapita, na baada ya arobaini atahitaji kutolewa nje zaidi hata ya mwanzo. Wakikubali hakikisha wameandika kiasi, tarehe ya mwisho ya kukitumia, na kwamba hakuna kiwango cha matumizi mnacholazimishwa.

Kuhusu hilo la kukuposti Instagram, hapo wameenda mbali na nimekasirika kweli. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na tume yake ipo. Picha yako na namba yako uliwapa kwa ajili ya kubuku meza, hukuwapa wakakuanike kwa deni ambalo hata halipo. Hiyo meseji ya vitisho piga skrinishoti pamoja na namba na tarehe vionekane, itume na kwa ndugu yako mmoja aitunze. Wajibu sentensi moja tu, kwamba huwaruhusu kutangaza taarifa zako na wakifanya hivyo utapeleka malalamiko kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Wakiposti kweli, piga skrinishoti kabla hujaomba wafute.

Wakikaa kimya mpaka Ijumaa ipite, kuna FCC, Tume ya Ushindani, ambao ndo wanaosimamia mambo ya mlaji kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na sheria hiyo inakataza kumpotosha mteja. Kuficha sharti la laki moja kwa kichwa mpaka mtu akanseli, mimi naliona linaingia humo. Kupeleka malalamiko hakuhitaji wakili. Na Mahakama ya Mwanzo ipo kwa madai madogo kama haya, unajieleza mwenyewe kwa Kiswahili, ila hiyo fikiria na muda wako wa kwenda na kurudi, ukipata hata sehemu kubwa ya hela au tarehe mpya kwa meneja mi nakushauri uichukue.

Sasa nyumbani. Dada yako mkubwa namheshimu lakini kwenye hili simuungi mkono. Ukilipa mwenyewe kimyakimya yale maneno ya wifi yanabaki kweli, itaonekana ulikuwa na hela yao ukaamua kuitoa ulipobanwa. Hela ya mchango dawa yake ni kuianika. Weka kwenye grupu meseji ya malipo, mazungumzo yote na mgahawa toka mwanzo, ile picha ya masharti na saa iliyotumwa, na hiyo barua utakayowaandikia. Usiandike maelezo marefu ya kujitetea, andika tu "hela ya mchango iko hapa, nafuatilia hivi, nani ananisindikiza kwa meneja?" Halafu subiri. Wifi akijibu usimjibu yeye, mwache kaka yako amjibu, ni mkewe. Na wote mkubaliane kwamba ikishindikana kabisa hasara mnagawana watu 14, maana msiba ni wa wote na tafrija ilikuwa ya wote, wewe kushika simu hakukufanyi uwe bima ya ukoo.

Mama usimwambie sasa hivi, hapo nakubaliana na wewe. Ila akiuliza, usimdanganye, mwambie tumeahirisha na hela inafuatiliwa.

Na kwa wengine mnaosoma hapa mnaopanga vikao na pati za mwisho wa mwaka, kabla hujatuma hata shilingi muulize huyo wa WhatsApp: nikiahirisha siku mbili kabla inakuwaje, nikiahirisha siku yenyewe inakuwaje, tukija pungufu inakuwaje, kuna kiwango lazima tule? Mwambie akujibu kwa maandishi. Akikujibu "usijali mpendwa", hilo si jibu, muulize tena. Mvua za Dar mnazijua, Jangwani ikifurika watu wa Kimara hawafiki mjini hata wakitaka, na meza ya saa moja inakuwa ya saa tatu, kwahiyo uliza na muda wa kukushikia meza ukichelewa. Na nyie wenye migahawa, naombeni muyaweke masharti yenu kwenye meseji ya kwanza kabisa, juu ya namba ya kulipia. Aliyepewa taarifa siku mbili kabla mhamishieni hela yake bila maneno, na aliyewatoroka siku yenyewe mkateni gharama zenu, hakuna mtu mwenye akili atakayewalaumu.

Mwanangu, jina kwenye meseji ya malipo uliangalie leo, barua iende leo hiyohiyo, na Jumatatu kama hawajajibu malalamiko yapelekwe FCC. Niandikie ulikuta jina gani.